Siklidi Nyumbani: Kabla ya Kutafuta Dawa, Tazama Maji na Majirani

Sato uliyemla jana na ugali ni siklidi, mmoja wa ukoo mkubwa wa samaki. Perege wa bwawani ni siklidi, furu wanaoanikwa juani kando ya Ziwa Victoria ni siklidi, na kuhe wa Kigoma, anayevuka nusu mita kwa urefu, huhesabiwa kuwa mkubwa kuliko siklidi wote duniani. Kwa hiyo ukijaza tangi la sebuleni samaki wa njano na buluu wa Ziwa Nyasa au Tanganyika, hujaleta mgeni. Umeleta jirani, tena jirani mgomvi, mwenye wivu wa eneo na mapenzi makubwa kwa watoto wake.

Karibu kila anayenipigia simu kuhusu samaki hawa huanza na neno "ugonjwa". Anataka jina la dawa. Mimi humwuliza maji aliyapima lini, halafu nani anaishi na nani humo ndani. Mara nyingi hatufiki kwenye dawa. Nimepanga maelezo haya kwa dalili, kama wapiga simu wanavyozieleza.

Samaki wapya wanakufa ndani ya wiki ya kwanza

Maji yanang'aa, filta inafanya kazi, samaki walikuwa wazima dukani. Siku ya nne unamkuta mmoja amelala ubavu. Hapa watu humlaumu muuzaji, na mimi nilimlaumu wangu, kwa sauti, mbele ya wateja wake. Kosa lilikuwa langu: tangi nililijaza Ijumaa, nikaweka samaki kumi na wawili Jumamosi.

Tangi jipya halina bakteria wa kutosha. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu, kupitia matamvua, na chakula kinachobaki kikioza hutoa amonia pia. Katika tangi lililokomaa, kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo haina makali sana na huondoka ukibadilisha maji. Bakteria hao huchukua kama wiki nne hadi sita kujaa kwenye sponji na mchanga. Kabla ya hapo samaki wanaishi ndani ya uchafu wao wenyewe, hata kama maji yanaonekana safi kama ya chupa.

Kwa samaki wa maziwa yetu kuna shida ya ziada ambayo wauzaji wachache huitaja. Amonia ina sura mbili majini, moja kali na moja pole, na pH, kipimo cha uchachu wa maji, ndiyo huamua ipi itazidi. Kwenye nyuzi 25, maji ya pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia yake katika sura kali. Maji ya pH 8.5, ambayo siklidi wa Nyasa na Tanganyika wanayafurahia, huwa na asilimia 15 hivi. Yaani kiasi kile kile cha amonia ambacho samaki wa maji laini ya Amazon, yenye pH ya chini, angekivumilia, kinaweza kumuua wa kwako usiku mmoja.

Basi subiri. Washa filta, tupia chembe za chakula kana kwamba kuna samaki, pima kila baada ya siku kadhaa, na usinunue kiumbe yeyote hadi amonia na nitriti zote zisome sifuri wakati nitreti inapanda. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la zamani lenye afya, mwombe kipande cha sponji yake chafu ukiweke ndani ya filta yako. Utapunguza wiki kadhaa. Na hiyo sponji usiioshe kamwe kwa maji ya bomba. Ikamulie kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini, la sivyo klorini itaua bakteria uliowasubiri mwezi mzima.

Klorini ya kawaida hutoka maji yakilala wazi kwenye ndoo siku nzima, na hutoka upesi zaidi ukitia jiwe la hewa, lile la kutoa mapovu. Kama maji yaliyolala bado yanawasumbua samaki, nunua dawa ya kuondoa klorini, kwa sababu klorini iliyounganishwa na amonia haiondoki kwa kusubiri. Maji ya kisima kirefu hayana klorini, lakini mara nyingi hutoka na hewa ya ukaa nyingi na oksijeni kidogo. Ukiyapima pale pale pH husoma chini, kesho yake inapanda. Yapulizie hewa kwanza, ndipo upime. Maji ya mvua hayana madini, hivyo ukiyatumia peke yake pH haitulii. Mchanga wa matumbawe au mawe ya chokaa chini ya tangi husaidia sana. Ukikosa, kijiko cha bikaboneti ya kupikia kikiongezwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa kitafanya kazi. Usiruke kutoka 7 hadi 8.5 kwa jioni moja.

Wanahema juu ya maji

Tofautisha kwanza: ni wote, au ni mmoja?

Wakiwa wote, tatizo ni maji. Dar au Mombasa mwezi wa Februari, tangi lililo karibu na dirisha hupita nyuzi 30 bila kelele, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Samaki hawa wanataka 24 hadi 27. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili tatu kwa sababu ya uvukizi. Iringa na Mbeya shida ni kinyume chake, huko utahitaji hita. Kama joto liko sawa, pima amonia na nitriti.

Umeme ukikatika, acha kulisha. Chota maji kwa jagi uyamimine kutoka juu, mara kadhaa kila baada ya muda, au nunua pampu ya hewa ya betri. Filta ya mkebe iliyofungwa ikikaa saa nyingi bila umeme, bakteria ndani hufa na maji yake huoza. Usiiwashe tu umeme ukirudi. Ifungue, mwaga maji yaliyomo, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uiwashe. Nimeona tangi zima likifa umeme uliporudi, wala si ulipokuwa umekatika.

Akiwa mmoja peke yake, amejibana kwenye kona ya juu, mapezi yamechanika, huyo hana ugonjwa. Anapigwa.

Wanauana

Hili ndilo tatizo kubwa la siklidi, na mara nyingi limeshaanza dukani, kabla hujatoa pesa.

Mbuna ni jina la watu wa pwani ya Malawi kwa samaki wanaoishi kwenye mawe ya Ziwa Nyasa. Huko ziwani dume hulinda kipande chake cha mwamba. Anayeshindwa hukimbia mita ishirini, mambo yanaisha. Kwenye tangi la sm 60 hakuna mita ishirini. Anayeshindwa hukimbia hadi kwenye kioo, anageuka, anakutana na yule yule.

Samaki anayewaponza wanaoanza kuliko wote ni *Melanochromis auratus*. Akiwa mdogo ana mistari ya njano na nyeusi, mzuri kama nyigu. Ni nyigu kweli. Dume akikomaa hubadilika kuwa mweusi mwenye mistari myembamba ya rangi ya mpauko, na hapo humfukuza kila anayepumua. Nilinunua sita kwa sababu ya rangi. Baada ya miezi michache nilibaki na mmoja, amenenepa, ana tangi lake peke yake kama bwana shamba.

Kama una tangi dogo la sm 60 kwa 30 kwa 30, yaani lita 54, usiguse mbuna. Chukua *Neolamprologus multifasciatus* wa Ziwa Tanganyika. Dume hafiki sm 5, na wanaishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Weka mchanga laini wa sm 5 au zaidi, tupia makombe kumi na tano ishirini, weka samaki sita hadi wanane. Makombe ya konokono wadogo wa shambani yanafaa. Yachemshe kwanza hadi harufu iishe, na yanasaidia hata kuyaongezea maji madini. Utaketi kuwaangalia wakihamisha mchanga kwa midomo, kila mmoja akipanga uwanja wake, na utasahau televisheni.

Kama una tangi la sm 120 kwa 45 kwa 45, lita 243, anza na *Labidochromis caeruleus*, yule wa njano mwenye utepe mweusi kwenye pezi la mgongo. Ni mpole kwa kipimo cha mbuna. Dume mmoja na majike watatu au wanne. Dume akiwa na jike mmoja tu atamtesa hadi afe. Kumbuka tangi hilo likijaa linapita kilo 240 kabla hujahesabu kioo na mawe, kwa hiyo meza ya televisheni haitoshi.

Wengine ni wa baadaye. *Neolamprologus brichardi*, ambaye wafanyabiashara humwita binti mfalme wa Burundi, ana tabia tamu ya watoto wakubwa kuwalinda wadogo zao, ila ukoo ukishakua huteka tangi zima na wageni wote hufa kwenye kona. *Pseudotropheus demasoni*, buluu mwenye mistari, anatoka upande wa Tanzania wa Ziwa Nyasa na alipewa jina la kisayansi mwaka 1994. Ukiweka watano wanauana mmoja mmoja, ukiweka kumi na wawili au zaidi hasira inagawanyika na wanaishi. *Tropheus*, mla mwani wa Ziwa Tanganyika, ana tumbo jepesi kuharibika. Frontosa, siklidi mwingine wa Tanganyika, anapita sm 30.

Tuseme umeshanunua, vita inaendelea. Panga mawe hadi karibu na juu ya maji ili samaki wasionane kutoka mwisho hadi mwisho. Mawe yakae juu ya kioo chenyewe, mchanga uje baadaye, kwa sababu mbuna huchimba na jiwe linaloegemea mchanga litaanguka. Halafu mtoe mchokozi, wala si anayepigwa. Mweke siku tatu nne ndani ya chujio la plastiki la jikoni linaloelea tangini, kisha hamisha mawe yote kabla ya kumrudisha. Anarudi kama mgeni, eneo lake halipo tena. Ukiongeza samaki mpya fanya hivyo hivyo: hamisha mawe, lisha wenyeji washibe, zima taa.

Tumbo limevimba, chakula anatema

Huyu huanza kwa kukataa chakula, au anakiingiza mdomoni na kukitema. Kinyesi kinakuwa cheupe, kirefu kama uzi. Baadaye tumbo linajaa, na mwisho magamba yanasimama kama ganda la nanasi. Akifika hapo mara chache anapona.

Mbuna na *Tropheus* wanakwangua mwani kwenye mawe siku nzima, na utumbo wao ni mrefu kwa kazi hiyo. Wengi wetu tunawalisha chakula cha vifaranga vya sato kwa sababu kinapatikana na ni cha bei nafuu. Chakula hicho kina protini nyingi, kimetengenezwa ili samaki afike sokoni upesi. Ukichanganya na unga wa dagaa kila siku, na ugomvi, na maji yasiyobadilishwa, utumbo unashindwa na vijidudu vilivyokuwa humo kwa amani vinazidi nguvu.

Msimamishie chakula siku mbili tatu, badilisha theluthi ya maji, mtenge. Kama bado anakataa chakula siku ya tatu lakini tumbo halijavimba, mwone daktari wa mifugo kuhusu metronidazoli, dawa ya kuua vijidudu vya tumboni. Ikitumika mapema ina nafasi. Kwa waliobaki, badilisha chakula: chenye spirulina (mwani mkavu) kwa wingi, mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto, tango, njegere iliyotolewa ganda. Kiasi cha kumalizwa ndani ya dakika moja au mbili, mara mbili kwa siku. Moyo wa ng'ombe, ambao wafugaji wa zamani walikuwa wakiusifu, waachie wenye samaki wanaokula nyama.

Ila tazama vizuri kabla ya kuingiwa na hofu. Kama kilichojaa ni koo, chini ya kidevu, na tumbo limebonyea, na samaki anatafunatafuna bila kula, huyo ni mama aliyebeba mayai mdomoni.

Rangi imefifia

Wakati mwingine ni hofu tu: mchanga mweupe sana na taa kali. Wakati mwingine ni dume aliyeshindwa, anavaa rangi ya jike ili asipigwe. Mpe nafasi, ataiva.

Hawazai

Sababu ya kwanza ni aibu kuitaja: wote ni madume, au wote ni majike. Wauzaji watakuambia mwenye madoa ya mayai kwenye pezi la chini ni dume. Madoa hayo yana kazi kwenye uzazi, lakini majike wa spishi nyingi wanayo pia. Njia ya hakika zaidi ni kumgeuza samaki aliyekomaa mkononi ukiwa umelowesha viganja, uangalie matundu mawili nyuma ya tumbo. Kwa dume yanakaribiana ukubwa. Kwa jike lile la uzazi ni kubwa zaidi. Kwa samaki wa sm 4 hutaona kitu. Kwa hiyo nunua wadogo sita hadi wanane, waache wakue, kisha toa madume ya ziada.

Sababu ya pili ni umri, wape mwaka. Ya tatu ni joto lililo chini ya 24. Ya nne ni uvivu wa kubadilisha maji: robo hadi theluthi kila wiki, na mara nyingi mabadiliko makubwa kidogo ndiyo huwaamsha.

Jike alibeba mayai, sasa hana kitu

Mbuna wa kike hutaga yai, anageuka, analichukua mdomoni. Dume humwonyesha yale madoa ya pezi. Jike akiyadonoa kama mayai yaliyosahaulika, anapokea mbegu na mayai yanarutubika ndani ya mdomo. Kisha anafunga kula kwa wiki tatu hivi.

Jike wa mara ya kwanza humeza. Wa mara ya pili naye anaweza kumeza. Usimhukumu kabla ya uzazi wa tatu. Zaidi ya hapo, angalia nani anamfukuza: jike asiyepata tundu la kujificha atatema. Mayai yasiyorutubishwa nayo humezwa siku za mwanzo, hasa kama dume ni mchanga.

Ukitaka kumtenga, ngoja hadi siku ya 15 au 18, umchukue usiku kwa tochi, ukimwongoza aingie kwenye kopo badala ya kumkimbiza kwa wavu. Wavu ndio hutemesha mayai. Mweke kwenye tangi la lita 20 au 40 lenye maji yale yale, jiwe moja la kujificha na filta ya sponji, umwache ateme mwenyewe. Wapo wanaofungua mdomo wa jike kwa kidole ili kuwatoa watoto. Kwa anayeanza sishauri, kwa sababu ukikosea siku utawatoa wakiwa bado na mfuko wa kiini tumboni. Akishatema, mlishe siku mbili tatu kabla ya kumrudisha. Asikae huko muda mrefu mno, maana cheo chake tangini kinapotea na atapigwa kama mgeni.

Vifaranga wanapungua kila siku

Filta yenye mdomo wazi inawameza. Funika kwa sponji. Tangi kubwa lina wakubwa wenye njaa. Na wengine wanakufa kwa njaa wakiwa katikati ya chakula, kwa sababu chembe ni kubwa kuliko midomo yao. Chakula cha wakubwa kikisagwa kati ya vidole hadi kiwe unga kinatosha kwa vifaranga vya mbuna, maana wanatoka mdomoni wakiwa na karibu sm 1. Artemia, vijikamba vidogo vya maji ya chumvi, walioanguliwa nyumbani ni bora, ukiweza. Lisha kidogo mara tatu nne kwa siku, fyonza mabaki, badilisha maji kidogo kidogo. Wasipokua, wamejazana.

Kwa wale wa kwenye makombe usifanye lolote. Siku moja utaona nukta zenye macho zikichungulia mlangoni mwa kombe.

Watoto hawafanani na wazazi

Umefuga spishi mbili zinazokaribiana, zikaoana. Wa njano niliyemsifu huzaa bila aibu na *Maylandia estherae* wa rangi ya chungwa, na chotara wao huuzwa kwa majina yote mawili. *Aulonocara*, siklidi wengine wa Ziwa Nyasa, ni wabaya zaidi, kwa sababu majike wa spishi mbalimbali wanafanana rangi ya kijivu, hata wewe huwezi kuwatenganisha. Spishi moja kwa tangi la kuzalisha. Mfuko ulioandikwa "mchanganyiko" pamba nao sebule, lakini usiuze watoto wake kwa jina la spishi.

Wamezidi

Baada ya mwaka mmoja na nusu hili ndilo litakalokuwa tatizo lako. Peleka dukani, gawia wenzako, lakini usimwage hata mmoja mtoni au ziwani. Ziwa Victoria liliwekewa sangara miaka ya 1950 na 1960, na furu wa aina nyingi hawajaonekana tena. Samaki wako hawana ukubwa wa sangara, ila wanaweza kubeba maradhi na kuoana na wa asili.

Mimi siku hizi simtengi jike yeyote. Anatema kwenye tangi kubwa, kati ya mawe, na wakubwa wanafanya kazi yao. Katika kila uzazi wanabaki wawili, pengine watatu, waliojua ufa upi ni mwembamba kuliko kichwa cha baba yao.